Kaunti iko mtandaoni, susu ana kabambe

Kama kwenu ni Kitui au Makueni, lazima uko kwa lile grupu la WhatsApp la kijiji. Unalijua. Michango ya matanga, picha ya ng'ombe aliyepotea, na mjomba mmoja anayetuma maua ya "siku njema" kabla jogoo hajawika. Halafu siku moja mtu anarusha notisi ya kaunti: kikao cha wananchi kuhusu bajeti, Jumanne saa tatu asubuhi, shule ya msingi. Chini yake kuna kiungo cha PDF. Watu wanne wanaweka kidole gumba, grupu inarudi kwa ng'ombe.

Leo tuongee kuhusu hiyo PDF, na usihepe, si ya wazee peke yao. Humo ndimo imeandikwa kama greda itapita barabara yenu mwaka huu, kama zahanati itaongezewa muuguzi, na kama kisima kitachimbwa upande wenu au upande wa kina MCA. Ni chapaa yako pia. Hata hilo bando unalosomea hii limekatwa ushuru, na sehemu ya ushuru unaokusanywa nchini hugawiwa kaunti.

Shida ni hii. Anayeweza kufika kwa hicho kikao ni susu wako (nyanya, kwa ninyi msio Wakamba), na susu ana kabambe, ile simu ya tochi. Haifungui PDF. Anayeweza kuifungua ni wewe, na wewe uko Umoja au Pipeline unasaka kodi ya nyumba. Kaunti imeweka mambo yake mtandaoni ikidhani kuna mtu mmoja mwenye simu nzuri na nafasi ya kuketi kwa kikao Jumanne asubuhi. Huyo mtu ni nadra sana.

Sensa ya 2019 ilikuta Wakenya waliokuwa wakitumia intaneti ni asilimia 22.6 ya watu wote wenye umri wa miaka mitatu kwenda juu, na mashambani hali ilikuwa chini ya hapo. Najua mambo yamesonga tangu hapo. Lakini angalia ramani. Kitui sensa hiyo iliikuta na watu 1,136,187 kwenye eneo linalozidi kilomita mraba 30,000. Hao ni watu 37 hivi kwa kilomita mraba moja. Kampuni ya mawasiliano ikipiga hesabu hapo, inasimamisha minara ya kutosha mjini Kitui na Mwingi, halafu ikifika njia ya Mutha au Tseikuru inakumbuka ina shughuli nyingine Nairobi. Makueni, yenye watu 987,653, imebanana kidogo, lakini bado kuna vilima ambako lazima upande juu ya jiwe ndio simu ishike mtandao.

Mimi si mtaalamu wa haya mambo, chuo chenyewe nilikiacha katikati. Ila kusoma hati za serikali hakuhitaji digrii, kunahitaji subira na chai. Na nikiangalia hizi kaunti mbili naona kitu ambacho watu wa teknolojia hawapendi kusikia: kifaa kimefanya kazi pale tu kilipokuta watu tayari wamejipanga. Pale kilipowekwa peke yake, kimekaa tu.

Tuanze Wote, makao ya Makueni.

Ukitaja kaunti yenye uwazi, wengi watakutajia Makueni. Kaunti nyingine zimekuwa zikituma wajumbe huko kujifunza tangu enzi za gavana wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana. Lakini hadithi hiyo huanzia mwisho, kwa tovuti nzuri na tuzo. Mwanzo wake haukuwa mzuri hata kidogo.

Kaunti zilianza 2013. Makueni haikumaliza hata miaka miwili kabla gavana na bunge la kaunti kushikana mashati kuhusu bajeti. Septemba 2014 mambo yakafika risasi kulia palepale Wote na watu kujeruhiwa. Fikiria hiyo, serikali ya mashinani, mambo ya zahanati na vidimbwi vya maji, na watu wanapigana risasi. Wananchi wakachoka. Wakakusanya saini, kwa kalamu na karatasi, wakidai kaunti nzima ivunjwe, jambo ambalo Katiba inaruhusu katika Kifungu cha 192. Rais Uhuru Kenyatta akaunda tume. Tume ikawasikiliza watu na kupendekeza kwamba kweli ivunjwe. Mwaka 2015 Rais akakataa kuivunja.

Kwa hiyo viongozi wakabaki ofisini, ila sasa wakijua kwamba wapigakura wao wako tayari kuwafuta wote kazi kwa mkupuo mmoja. Hilo ndilo naona watalii wa uwazi wakienda Wote huwa hawalioni. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kukupa hofu ya namna hiyo.

Mfumo wa mikutano wa Makueni ulijengwa kutoka chini kabisa: vijiji 3,643. Vijiji vinachagua wawakilishi waende kwa makundi 377 ya vijiji, kutoka hapo wadi ndogo 60, kisha wadi 30, mpaka ngazi ya kaunti. Mradi ukipitishwa, wenyeji wanachagua kamati ya kuusimamia. Na hapa ndipo utamu ulipo: mkandarasi akisema amemaliza, hiyo kamati inatia sahihi kwanza kwamba kazi imefanyika, ndipo malipo yake yaendelee. Jamaa aliyezoea kupaka rangi ukuta wenye nyufa na kukimbia na hundi anakuta mama watatu na mzee mmoja wamesimama mlangoni na daftari. Mtu wa Ukambani hashangazwi na hiyo. Ni mwethya uleule, kikundi cha kijiji kinachochimba mtaro na kujenga bwawa la mchanga pamoja, ila sasa kina muhuri wa serikali.

Tovuti ya zabuni ilikuja 2019, miaka kadhaa baada ya kamati hizo kuzoeleka. Kaunti iliijenga ikisaidiwa na mashirika ya kimataifa yanayoshughulikia uwazi wa zabuni, na mwaka 2020 Makueni ikaingia kwenye Open Government Partnership, muungano wa serikali zinazoahidi kufanya mambo yao wazi. Ukiingia kwa hiyo tovuti unaweza kufuata mradi kuanzia kwenye mpango wa ununuzi, tangazo la zabuni, nani alishinda na kwa pesa ngapi, mpaka ripoti za ukaguzi na malipo. Ripoti ya ile kamati ya kijiji nayo imepewa nafasi yake humo. Daftari la wale mama limefika mtandaoni.

Jaribu siku moja. Tafuta mradi wa wadi yenu. Kuna raha ya ajabu kuona jina la kampuni iliyolipwa kujenga choo cha soko na kiasi ilicholipwa, hasa kama choo chenyewe unakijua.

Sasa niseme nisichokipenda. Lugha ya hiyo tovuti ni ya watu wa zabuni. Jedwali, vifupisho, hatua za manunuzi. Aliyeijenga alimfikiria mwanahabari, mtafiti, mfadhili, na labda mkandarasi mwenyewe anayetaka kujua mshindani wake aliweka bei gani. Mjumbe wa kamati kule Nguu au Kathonzweni anatia sahihi kwenye karatasi, karatasi inapanda gari, inafika Wote, inawekwa mtandaoni. Habari imetoka kwake ikaenda duniani. Kumrudishia yeye ndiko kugumu. Akitaka kujua kama mkandarasi wa wadi jirani alilipwa kwa kazi mbovu, njia yake bado ni kuuliza msimamizi wa wadi au kungoja baraza. Kaunti ina vituo vya habari vya jamii vyenye kompyuta, hilo ni jambo zuri kabisa, lakini nauli ya boda ya kufika kituoni na kurudi inamlisha mtu siku mbili.

Vuka mto Athi twende Kitui, maana huko kuna hadithi nyingine, na hii nitakaa nayo kidogo kwa sababu haina tovuti ndani yake.

Kyuso iko kaskazini mwa Mwingi. Ni pakavu. Watu wengi huko hutegemea visima vyenye pampu ya mkono, ile unayosukuma mpini juu chini. Pampu hizo huharibika, mpira unalika, bomba linatoboka, na zamani ikiharibika hakuna aliyejua isipokuwa wenye kiu. Kamati ya kisima ilikuwa ikichangisha pesa, inamtafuta fundi, fundi hana kipuri, kipuri kiko mjini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliofanya kazi huko walikuta pampu ikiharibika ilikaa wastani wa siku 27 hivi kabla ya kutengenezwa.

Siku 27 ukiwa mtaani unaweza kuzisoma kama namba tu. Zifikirie kama mitungi. Kila asubuhi, karibu mwezi mzima, punda anapakiwa mitungi ya lita 20 kwenda mto uliokauka, mtu anachimba mchanga kwa mikono, anangoja maji yajikusanye, anateka kwa kikombe. Mara nyingi huyo mtu ni msichana, na shule inaendelea bila yeye.

Mwaka 2013 wakajaribu kitu. Ndani ya mpini wa pampu wakaweka kidude kinachohisi mwendo wake, chenye laini ya simu. Mpini ukisukumwa, kidude kinahesabu, kisha kinatuma ujumbe mfupi. Ni SMS ya kawaida. Pampu iliyokuwa ikisukumwa kutwa ikinyamaza ghafla, fundi anaona kwa simu yake kwamba kuna shida mahali fulani, anapanda pikipiki na vipuri. Muda wa kutengeneza ukashuka kutoka zile siku 27 hadi chini ya siku 3.

Ona kilichotokea hapo. Hakuna mwanakijiji aliyepakua apu. Hakuna aliyefunguliwa akaunti akaambiwa aweke herufi kubwa na alama kwenye nywila. Susu aliendelea kusukuma mpini kama alivyosukuma maisha yake yote, na huko kusukuma ndiko kulikopeleka habari.

Na hata hivyo, kile kidude si shujaa wa hadithi. Kidude kingeweza kutuma SMS mpaka betri ife kama hakungekuwa na mtu wa kuzipokea. Kilichofanya kazi ni kwamba baadaye kuliundwa kampuni ndogo za mafundi wa hukohuko, zinazoitwa FundiFix, moja Kitui na nyingine Kwale, zenye jukumu la kuhakikisha pampu zinafanya kazi. Wanakijiji wanalipa ada ndogo kwa huduma, na kwa sababu ada hiyo haitoshi gharama yote, kuna mfuko wa amana unaojaza pengo. Yaani fundi ana mshahara, ana vipuri, na ana sababu ya kwenda haraka.

Serikali ya kaunti inaingia wapi? Katiba, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya huduma za maji. Mijini kuna kampuni za kaunti, KITWASCO upande wa Kitui na KIMWASCO upande wa Mwingi. Vijijini ndiko mambo huachiwa kamati na Mungu. Na hapa ukiniuliza, kaunti zetu zote, si Kitui pekee, zina ugonjwa mmoja: zinapenda kuzindua. Kisima kipya kina utepe, hema, densi ya kina mama, na picha ya gavana akinywa maji kwa glasi. Kisima kilichotengenezwa baada ya siku mbili hakina picha. Kwa hiyo kwenye ile PDF utaona "kuchimba" mara nyingi kuliko "kutunza". Hesabu mwenyewe, hata simu yako ina kitufe cha kutafuta neno.

Mfano mwingine wa kifaa kilichokuta watu wamejipanga ni wahudumu wa afya wa kijamii. Wale mama na vijana wanaozunguka nyumba kwa nyumba wamekuwepo miaka mingi wakijaza makaratasi. Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilianza kuwagawia mikoba ya vifaa pamoja na simu, kaunti na serikali kuu zikakubaliana kugawana malipo yao, shilingi 2,500 kila upande kwa mwezi. Sasa mhudumu akimkuta mtoto mwenye homa au mama mjamzito hajaenda kliniki, anaingiza kwa simu. Hiyo nakubaliana nayo. Simu imekuta njia ambayo miguu ilikuwa tayari inaijua. Tatizo litakuwa lilelile la siku zote, malipo yakichelewa, maana hakuna simu inayotembea peke yake kutoka Zombe hadi Endau.

Na pesa je? Ada za soko, leseni, maegesho, siku hizi kaunti nyingi zinataka zilipwe kwa simu. Sababu yao ni nzuri. Pesa taslimu mikononi mwa mkusanyaji ilikuwa na tabia ya kupungua njiani. Sina huruma na hiyo. Lakini mama wa ndengu anayefika sokoni alfajiri hajauza kitu, M-Pesa yake ina sufuri, na akiweka pesa kwa wakala ndio alipe, ameshapoteza muda na labda nafasi nzuri ya kuuzia. Kwake hii "mabadiliko ya kidijitali" ni foleni moja zaidi.

Halafu mfumo ukianguka. Julai 2023, wiki chache baada ya serikali kutangaza kwamba zaidi ya huduma 5,000 ziko kwenye eCitizen, wadukuzi waliojiita Anonymous Sudan waliuangusha. Wewe ulilalamika X, ukarudi kesho. Mtu aliyetoka Ikutha na magari mawili kuja Huduma Centre mjini Kitui alirudi Ikutha.

Kuna kichekesho kimoja lazima nikitaje. Konza, ule mji wa teknolojia wa ekari 5,000 ambao Rais Kibaki aliuzindua Januari 2013, na ambako serikali imeweka kituo chake cha kitaifa cha data, uko ndani ya Makueni, kule Malili. Ukienda Emali kwa Mombasa Road unaupita. Data za nchi zinalala Makueni. Mtoto wa Makueni anapanda jiwe kutafuta mtandao.

Tufike kwa akili unde, maana najua ulikuwa unangoja.

Juni 2024 unaikumbuka vizuri kuliko mimi ninavyoweza kuieleza. Kabla ya barabara kujaa, kulikuwa na kusoma. Mswada wa Fedha ulikatwakatwa, ukaelezwa kwa TikTok kwa lugha za kila kabila, na vijana wa programu wakatengeneza chombo cha AI kinachokujibu maswali kuhusu mswada: mkate utapanda? gari langu je? Kizazi kilichosemwa hakisomi kilisoma mswada kuliko baadhi ya wabunge. Tarehe 26 Juni, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa na wenzetu kuuawa, Rais Ruto akatangaza hatautia sahihi.

Swali langu kwako: hiyo nguvu tumewahi kuipeleka ocha? Bajeti ya Kitui au Makueni ni hati ndefu kama Mswada wa Fedha, na inagusa nyumba yenu kwa karibu zaidi. Hakuna aliyeitengenezea chochote kilichovuma. Hakuna densi ya TikTok kuhusu Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti. (Ukiitengeneza, nitume mimi, nitacheza.)

Ila tuwe makini na hiki chombo. Hati nyingine za kaunti ni karatasi zilizopigwa skana, ni picha tu, na AI ikisoma picha mbaya inaweza kusoma milioni 3 kama milioni 8 bila haya. Ikikosa jibu, inaweza kutunga. Kwa hiyo kila mara iulize ukurasa gani, ufungue huo ukurasa, uone kwa macho yako. Na Kikamba chake bado kinayumba. Inaweza kukuandalia muhtasari safi kwa Kiingereza, hata Kiswahili, lakini ukimsomea susu Kikamba cha mashine atakucheka mpaka machozi. Tafsiri hiyo ni kazi yako. Serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa akili unde Machi 2025, na mimi ningependa kuona siku ambayo mkakati kama huo unapimwa kwa swali moja: je, Musyi FM inaweza kuutumia hewani? Maana teknolojia inayofika mbali zaidi Ukambani, tupende tusipende, bado ni redio, na watu wanapiga simu kuchangia.

Jambo jingine dogo lakini chungu. Kwenye vikao vya kaunti kuna karatasi ya mahudhurio: jina, kitambulisho, namba ya simu, sahihi. Karatasi hizo zinahamia kwa kompyuta. Mwaka 2021 Wakenya kibao waligundua wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Susu ana haki ya kuuliza namba yake inaenda wapi, na kama yeye haulizi, uliza wewe.

Sasa kalenda, na hii iandike mahali, kwa sababu kaunti zote 47 zinafuata sheria moja ya fedha za umma. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka lazima ufike bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Hapo ndipo miradi huzaliwa. Ukingoja bajeti yenyewe umechelewa. Februari 28 ni mwisho wa hati ya mkakati wa fedha, ile inayogawa pesa kwa idara: afya wangapi, maji wangapi, ofisi ya gavana wangapi. Aprili 30 makadirio ya bajeti yanafika bungeni. Juni 30 yawe yamepitishwa. Kati ya hizo tarehe ndipo vikao vya wananchi vinaitishwa, na notisi yake ndiyo ile iliyopata vidole gumba vinne.

Hati ikikosekana mtandaoni, usianze na matusi kwa Facebook ya gavana, ingawa najua yana raha yake. Kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika barua au baruapepe, taja hati unayotaka, na sheria inaipa ofisi siku 21 ikujibu. Huhitaji kueleza unaitakia nini. Wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale wa Ombudsman. Tunza tarehe uliyotuma.

Halafu piga simu ocha. Piga jioni, baada ya taarifa ya habari, wakati kabambe imetoka kuchajiwa kwa duka. Msomee susu ukurasa wa wadi yenu, kwa Kikamba chako hichohicho kibovu, mradi mmoja mmoja, na pesa zake. Ukifika kwa kile kisima kilichoandikwa kimekamilika, muulize kiko wapi. Yeye hupita hapo kila siku na punda.